Klei ya gari: acha kuuliza rangi ya kipande, angalia kwanza bodi yako ina nini

Wadau, swali linalorudi inbox kila mara ni lilelile, "kaka nimekuta klei ya bluu, nyekundu na njano, ipi kali, nichukue ipi?" Na jibu langu halijabadilika, rangi ya kipande haikwambii kitu. Kila kampuni inatia rangi inavyojisikia, kuna kampuni bluu yao ndo laini kabisa, ukija kwa nyingine bluu ni ya kati, na zile za bei rahisi zisizo na jina la maana ambazo zimejaa Kariakoo na mtandaoni nyingi ni bluu tu, iwe laini iwe ngumu, ni bahati yako. Kwa hiyo ukimsikia mtu anakwambia "chukua ya bluu" bila kukuuliza gari yako rangi gani, inalala wapi na imepitia nini, msalimie vizuri endelea na safari yako.

Kwa ambao hawajawahi kuigusa, klei sio udongo wa mfinyanzi. Ni kitu laini cha plastiki kinachofinyangika mkononi, ndani yake kuna chembe ndogo sana za kusugua. Unalowesha bodi kwa kitu kinachoteleza, unakipitisha taratibu, na kinang'oa vile vitu vilivyojichimbia juu ya rangi ambavyo shampoo na kitambaa vimeshindwa kuvitoa. Kilitoka Japani, jamaa mmoja anaitwa Tadao Kodate alipata hataza yake Marekani mwaka 1995, na kwenye hataza hiyo kitu kimeelezewa kama jiwe la kusagia linalokunjika. Shika hapo hapo, jiwe la kusagia. Watu wanaiona laini wanadhani haiwezi kuumiza rangi, kumbe kila ukiipitisha unasugua, kidogo tu, lakini unasugua. Na cha kusugua chenyewe sio kingi, ile klia, yaani tabaka la juu lisilo na rangi linalokinga rangi yenyewe, kwenye magari mengi ya kisasa ni kama maikroni 35 mpaka 50 hivi, yaani hata nusu ya sehemu ya kumi ya milimita haivuki. Ndo maana msimamo wangu mimi ni mmoja, nunua laini kuliko zote inayoweza kumaliza kazi, na kazi yenyewe uijue kabla ya kutoa hela.

Sasa kazi unaijuaje. Osha gari vizuri, kausha, chukua kifuko chepesi cha plastiki (najua mifuko ya kubebea hapa Tanzania ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini kile kifuko cha mkate bado kipo jikoni kwako), vaa mkononi kisha pitisha vidole juu ya boneti bila kubonyeza. Kile kifuko kinaongeza hisia, vitu ambavyo vidole vitupu havivisikii utavisikia waziwazi. Ikiteleza kimya kimya, hauhitaji klei, rudi ndani ukanywe chai. Ikikwaruza kwaruza, kuna kitu. Pima boneti, pima paa, pima mlango wa nyuma wa buti, pima chini ya milango karibu na tairi, maana kila sehemu ina ugonjwa wake na usishangae paa ni safi halafu buti ni balaa.

Hapa Dar vitu vinavyoganda juu ya rangi sio vile vya kwenye video za Wazungu. Wenzetu wanalalamika kuhusu chumvi ya barabarani wakati wa theluji, sisi tuna mambo yetu. La kwanza ni cheche. Angalia mtaani kwako kuna mafundi geti wangapi wanaokata vyuma nje kabisa barabarani, ile grinda ikilia zile cheche ni vipande vya chuma vya moto, vikitua kwenye bodi ya gari iliyopaki jirani vinajichoma ndani ya klia vinakaa, mvua ikija vinapata kutu. Kwenye gari nyeupe utaona vinukta vya rangi ya chungwa, hasa kwenye buti na paa, watu wanadhani gari imeanza kuoza kumbe bati lenyewe halina tatizo. Vumbi la breki nalo ni chuma, ndo maana nyuma ya tairi na kwenye buti kunakuwa na vinukta vingi kuliko mlangoni.

La pili ni rangi ya gari ya mtu mwingine. Gereji zetu nyingi zinapiga rangi nje, chini ya mti, kompresa inanguruma na upepo wa bahari unafanya yake. La tatu ni lami, hasa barabara ikiwa bado inajengwa. La nne utomvu wa miti pamoja na mavi ya popo na ndege, we paki chini ya mwembe msimu wa maembe halafu uje uniambie. La tano, ambalo watu wengi hawalijui, maji ya kisima. Kaosha nyingi zinatumia maji ya kisima na mengi hapa Dar yana chumvi, yakikaukia juani yanaacha miduara myeupe. Hiyo miduara klei haiitoi. Inaweza kupunguza kidogo ile iliyokaa juu juu, lakini kama madini yameshashika rangi jaribu siki nyeupe uliyochanganya na maji nusu kwa nusu, bodi ikiwa ya baridi, weka dakika moja mbili, suuza kwa maji mengi. Ikigoma hapo ni polishi, usiendelee kusugua na klei ukidhani unamaliza.

Na tukiwa hapo hapo, klei haitoi mikwaruzo. Haitoi ile mistari ya mduara inayoonekana juani. Hairudishi klia iliyobabuka kwenye paa. Kuna watu wananunua klei wakitegemea IST ya mwaka 2004 itoke kama imeshuka melini jana, halafu wanakuja kulalamika. Kazi yake ni moja tu, kung'oa vilivyoganda juu.

Kabla ya klei sasa, punguza mzigo kwa dawa. Kwenye lami tumia dawa ya kutoa lami, au kama huna, kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, futa taratibu kisha osha pale pale kwa shampoo usiache mafuta yamekaa. Kama gari ilishapigwa rangi mtaani uwe makini, kuna rangi za NC (nitroselulosi) ambazo ukizigusa na thina au petroli zinalainika zinakuja na kitambaa. Jaribu kwanza sehemu iliyojificha, ndani ya mlango wa tenki la mafuta ni pazuri.

Kwenye vinukta vya chuma kuna dawa ya kuyeyusha chuma, unapuliza kwenye bodi iliyopoa, inasubiri dakika chache, halafu inaanza kulia machozi ya zambarau. Inafurahisha sana kuangalia lakini jiandae na harufu. Dada zangu waliowahi kupita saluni enzi za kalikiti wataijua mara moja, na sio kwamba inafanana, ni familia ileile ya kemikali, ile thaioglikoleti inayolainisha nywele ndo hiyo hiyo inayoshika chuma. Vaa glavu, simama upande upepo unakotokea, usiache ikaukie juu ya rangi. Ukishasuuza pima tena na kifuko chako cha mkate. Mara nyingi nusu ya kazi imeisha na wewe bado hujafungua hata boksi la klei, na kila kilichotoka kwa dawa ni kitu ambacho hutakisugua.

Twende kwenye kuchagua.

Klei zinauzwa kwa makundi matatu, laini, ya kati na kali. Kali sahau. Kali ni ya watu wa gereji wanaojua kwamba baada ya klei wanapiga kompaundi (polishi nzito ya kusugua) na mashine, manake kali inaacha rangi imefifia kabisa, ukiangalia juani ni ukungu mtupu. Ya kati ni ya gari iliyochoka kweli, rangi nyeupe au silva, na uwe na polishi ya kumalizia. Laini ndo ya sisi wengine wote. Itachukua muda mrefu zaidi, mkono utachoka, sawa, lakini gari itabaki na rangi yake.

Kuna kitu kingine ambacho kwenye maboksi hakisemwi vizuri, kuna ukali na kuna ugumu, na ni vitu viwili tofauti. Ukali ni zile chembe za kusugua, ugumu ni jinsi kipande chenyewe kinavyofinyangika. Unaweza kupata klei yenye chembe laini lakini kipande kigumu, na kwa joto la huku pwani hiyo ndo unaitaka. Klei nyingi zimetengenezwa zikiwa na hali ya hewa ya wenzetu kichwani, wanaichovya kwenye maji ya moto ilainike ndo waanze kazi. Ukiileta hiyo hapa mwezi wa pili saa sita mchana inakuwa bigijii iliyokanyagwa, inajibandika kwenye boneti inaacha utepe ambao utausugua mpaka jioni. Kwa hiyo kama uko Dar, Tanga, Mombasa au Zanzibar chukua kipande ambacho ukikibonyeza dukani kinakataa kidogo. Kama uko Njombe, Mbeya au Limuru huko asubuhi unavaa sweta, chukua kinachofinyangika kirahisi la sivyo utabaki unasugua bodi kwa kitu kigumu kisichobadilika umbo. Na muuzaji akikataa usiguse, angalau uliza boksi linasema nini kuhusu joto, akikuangalia tu basi hajui anauza nini.

Majina? Meguiar's na Mothers wanauza kwenye boksi pamoja na spreya ya kutelezesha na kitambaa, kwa anayeanza hiyo ni nzuri kwa sababu haukisii kisii spreya gani inaendana na klei gani. Bilt Hamber ya Uingereza inatumika na maji matupu, haihitaji spreya, na wana ugumu tofauti tofauti kulingana na joto, mimi naipenda kwa hilo kwa sababu spreya ndo inayokula hela, kipande chenyewe kinakaa. Shida ni kwamba huku haipatikani kila kona, unaagiza au unamtuma mtu. Zile za bluu za gramu 100 zisizo na jina sizitukani, nyingine zinafanya kazi vizuri tu, ila hujui umepata laini au ya kati mpaka ujaribu. Ukiinunua, anzia kwenye kioo, halafu sehemu ya chini ya bampa ambako hakuna anayeangalia, uone imeacha alama au la, ndo upande kwenye boneti.

Kuna na glavu na vitambaa vyenye mpira upande mmoja ambavyo vinafanya kazi ya klei. Vina faida moja kubwa, kikidondoka chini unasuuza unaendelea, wakati klei ya kawaida ikigusa chini imekufa, tupa, usijidanganye kwamba umetoa mchanga wote. Na vinaenda fasta sana, Noah nzima unamaliza kabla jua halijachachamaa. Ila kikiwa kipya kinakwaruza, kifanyishe kazi kwenye vioo vyote kwanza ili ule mpira ulainike. Kwa mtu mwenye kaosha nitamwambia chukua glavu. Kwa mtu mwenye gari yake moja nyeusi anayeipenda, klei laini, kwa sababu na klei unasikia kila kitu vidoleni, na glavu husikii.

Nyeusi nimeitaja makusudi. Rangi nyeusi, bluu iliyokoza, nyekundu iliyokoza, hizi zinaonyesha kila kosa. Alama ileile ambayo kwenye silva hutaiona maisha yako yote, kwenye nyeusi unaiona ukiwa upande wa pili wa barabara. Subaru na Honda nyingi zina klia laini, nazo zishike kwa adabu. Kwa Toyota, fungua boneti au angalia kwenye nguzo ya mlango, kuna kibati kimeandikwa C/TR, namba ya kwanza hapo ndo rangi. Ukikuta 040, ile nyeupe ya kawaida isiyong'aa kilulu, mara nyingi hiyo haina klia juu, ni rangi tupu, kwa hiyo usishtuke klei ikitoka na weupe weupe, ni rangi iliyochakaa juu. Hapo punguza mkono, laini tu, na waksi iwe tayari pembeni. Gari iliyopakwa rangi mpya isubirishe mwezi mmoja mpaka mitatu ikauke mpaka ndani. Na rangi ya mati, ile isiyong'aa, usiisogelee na klei kabisa, utaitengenezea mabaka yanayong'aa na hayarudi.

Jirani yangu ana Harrier nyeusi. Aliipaki jirani na gereji moja walikuwa wanapiga pikapu rangi nyeupe, aliporudi boneti, paa na kioo cha mbele vimejaa vinukta vyeupe, vidogo vidogo, ukiangalia kwa mbali ni vumbi, ukipitisha kifuko vidole vinakwama. Fundi wa hapo hapo akamwambia "bosi, hiyo dawa yake ni kompaundi na mashine tu." Kompaundi kwa mashine kwenye nyeusi, mikononi mwa mtu aliyekuwa ameshika bunduki ya rangi nusu saa iliyopita! Nikamwambia hapana mzee, ilete kesho asubuhi, tuanze ikiwa bado mbichi mbichi kwa sababu ikikaa wiki inakuwa ngumu.

Tuliiweka kivulini, tukaiosha, tukakata klei laini kipande cha ukubwa wa mayai mawili ya kware hivi, kingine tukakirudisha kwenye boksi (usitumie kipande kizima, kikidondoka umepoteza chote). Ukikifinyanga kinakuwa bapa, kinaenea vidole vitatu. Puliza spreya nyingi kwenye eneo la kama sentimita 40 kwa 40, puliza na kwenye klei, halafu mkono ulegee, uzito wa vidole vyenyewe unatosha. Mistari iliyonyooka, kwenda na kurudi, sio miduara, ili ikiacha alama ziwe za upande mmoja rahisi kutoa. Mwanzoni unasikia inachakarisha, unaisikia kwa sikio kabisa, chaka chaka chaka, na mkono unakuwa mzito. Usibonyeze. Endelea vilevile, ikianza kukauka puliza tena, na taratibu ile sauti inapungua, mkono unakuwa mwepesi, halafu ghafla hamna kitu, inateleza kimya. Hapo simama, futa kwa maikrofaiba safi, nenda eneo linalofuata. Kukosea hapa ni kuendelea kusugua mahali palipokwisha kunyamaza kwa sababu raha imekukolea.

Kukigeuza kipande kila mara ndo siri. Tulikigeuza upande wa chini tukakuta tayari umejaa weupe, tukakikunja, tukakifinyanga upya mpaka upande safi ukatokea. Mpaka tunamaliza boneti kile kipande kilishakuwa kijivu kabisa, tukakitupa tukachukua kingine kwa ajili ya paa. Uchafu ulioko ndani ya klei ndo unaokwaruza, kwa hiyo kubana matumizi hapa ni kununua mikwaruzo. Mwisho wa siku vinukta vilitoka, zikabaki alama hafifu sana sehemu mbili tatu za boneti ambazo polishi nyepesi ya mkono ilizimaliza, na mashine haikuwashwa.

Kama spreya imeisha katikati ya kazi, shampoo ya gari kwenye maji inafaa, iwe nyingi kidogo kuliko ya kuoshea. Sabuni ya unga hapana. Ina punje ambazo hazijayeyuka, unasugua punje kwenye rangi. Na zile sabuni za maji za kupimiwa kwenye madumu siziamini pia, nyingine ni kali mno na klei inaanza kumeguka meguka mkononi.

Ukishamaliza, rangi yako iko uchi. Ile waksi ya zamani imeondoka yote pamoja na uchafu, kwa hiyo usilaze gari hivyo, siku hiyo hiyo paka waksi au silanti, yoyote unayoimudu. Silikoni ya kupuliza ya dashibodi sio waksi, jamani, inang'aa siku mbili halafu inakusanya vumbi. Ukipaka kitu cha maana na kuosha kwa utaratibu, klei ni mara moja kwa mwaka, mbili kama unapaki nje karibu na mafundi geti, na kila mara kifuko cha mkate ndo kinaamua, sio kalenda.

Kutunza kipande kilichobaki, kipulizie spreya kidogo, kirudishe kwenye kifuniko chake cha plastiki, weka ndani ya nyumba na sio kwenye buti, buti la gari iliyokaa juani linakiyeyusha. Kikishachoka kwa bodi kina kazi nyingine, kioo cha mbele. Kioo ni kigumu, hakiogopi. Kipitishe kote na maji ya shampoo, halafu washa waipa uone, ule mlio wa kukwama na kuruka ruka ambao ulikuwa unataka kwenda kununua waipa mpya mara nyingi ni uchafu tu uliokuwa kwenye kioo.